Danieli Si Jina la Kizungu

Ndugu msikilizaji, simama katikati ya soko la Lushoto mjini, au la Soni, au la Mlalo, upaze sauti uite "Danieli!" Atageuka muuza karoti, atageuka kijana wa bodaboda, na huenda akageuka mzee aliyekuja kununua chumvi tu na kurudi kwake. Sasa waulize hao watatu jina hilo limetoka wapi. Wawili kati yao watasema, bila kusita, kuwa ni jina la Kizungu. Babu alipobatizwa na Wajerumani alipewa jina la Kizungu, na la nyumbani likabaki la nyumbani.

Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Njia ambayo jina lilipitia kupanda milima ya Usambara ilikuwa kweli ya Wazungu. Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alitoka pwani akapanda hadi Vuga kuonana na Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene wa Washambaa, akiomba nafasi ya kufundisha dini yake. Alirudi tena mwaka 1852. Kituo cha kudumu hakukipata. Waliokuja kukaa ni Wajerumani wawili, Paul Wohlrab na Ernst Johanssen, walioanza kazi Mlalo mwaka 1891, na baada yao vikafuata vituo vya Vuga, Lutindi na Bumbuli. Huko ndiko watu walikoingia darasa la ubatizo na jina moja wakatoka na mawili.

Lakini tazama jambo moja. Wajerumani hao hao walileta pia majina yao wenyewe, ya Kijerumani hasa. Mlalo waliupa jina la Hohenfriedeberg. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Hayo yaliandikwa kwenye ramani, yakagongwa kwenye mihuri ya posta, na serikali nzima ikasimama nyuma yake. Leo mtu akipanda basi pale Mombo amwambie kondakta anashuka Wilhelmstal, kondakta atamwomba arudie. Utawala ulipoondoka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majina yake nayo yakaondoka. Danieli, Samweli, Mikaeli na Elizabeti wakabaki. Hawakuwa Wajerumani. Nao Wajerumani walikuwa wameyapokea majina hayo kutoka kwa wengine, karne nyingi kabla ya kuyaleta huku.

Basi tulifuate jina hili hadi lilikozaliwa.

Danieli ni sentensi fupi iliyobanwa ikawa jina. Sehemu ya kwanza, dan, inatokana na shina lenye maana ya kuhukumu, kuamua kesi, kumpa mtu haki yake. Sehemu ya mwisho ni El. Ukiziunganisha unapata "El ni mwamuzi wangu", au kwa wataalamu wengine, "El amehukumu". Shina hilo la kwanza Mswahili analifahamu, ila halitambui likiwa limevaa nguo nyingine. Kila Mwislamu anayesali hutaja katika Alfatiha Siku ya Malipo, na neno la Kiarabu linalotumika pale, din, ni la ukoo huo huo wa hukumu. Washairi wetu wa tenzi humwita Mwenyezi Mungu "Dayani", yaani Hakimu. Dayani na Danieli ni ndugu wa damu. Mmoja alipanda merikebu za Waarabu, mwingine alipitia Ulaya, wakaja kukutana tena Tanga.

Na El je? Hapa ndipo penye utamu.

Kwa msomaji wa Biblia, El ni neno la Kiebrania la kumtaja Mungu, na ndugu yake wa Kiarabu ni ilah. Hilo ni sahihi. Lakini kabla ya taifa la Israeli kuwapo, El lilikuwa jina la mungu mkuu wa watu wa Kanaani na majirani zao wa pwani ya Shamu. Alikuwa mzee mwenye ndevu za mvi, baba wa miungu mingine, mpole na mwenye huruma, na sifa yake moja ilikuwa kuitwa fahali. Kwa muda mrefu habari zake zilijulikana kwa vipande tu. Kisha mwaka 1928 mkulima mmoja wa Syria, akilima karibu na bahari si mbali na mji wa Latakia, alifumua jiwe la kaburi la kale. Mwaka uliofuata Mfaransa Claude Schaeffer akaanza kuchimba hapo na kwenye kilima cha jirani kiitwacho Ras Shamra. Chini ya kilima hicho ulikuwa mji wa Ugarit, ulioangamia karibu miaka 1,200 kabla ya Kristo. Ndani yake vilipatikana vibao vya udongo vilivyoandikwa kwa alfabeti ya herufi 30 ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Baada ya muda mfupi wa kuumiza vichwa, wataalamu wa Kijerumani na Kifaransa wakaisoma.

Na katika vibao hivyo alikuwamo Danieli.

Si yule wa tundu la simba. Huyu anaitwa Dan'el, naye ni mtu mkubwa, pengine mfalme, asiye na mtoto wa kiume. Anakaa siku kadhaa hekaluni akiwalisha miungu na kuwanywesha, mpaka Baali anamhurumia na kumwombea kwa El. El anambariki, na mtoto anazaliwa: Akhat. Siku moja Dan'el ameketi langoni kwa mji, penye uwanja wa kupuria nafaka, akisikiliza kesi ya mjane na kumwamulia yatima, yaani anafanya kile hasa ambacho jina lake linasema. Anatokea fundi wa miungu akiwa amebeba upinde wa ajabu. Dan'el anaupokea na kumpa mwanawe.

Upinde huo ndio uliomponza. Mungu mke wa vita, Anati, aliutamani. Alimwahidi Akhat fedha na dhahabu, kijana akakataa. Akamwahidi uzima usio na mwisho. Akhat akamjibu kwa kiburi kwamba kufa kila mtu atakufa, na tena tangu lini wanawake wakawinda? Msikilizaji, jibu la namna hiyo hata leo lingemgharimu mtu. Anati alimtuma muuaji, na Akhat akauawa. Mvua ikakatika, mashamba yakakauka. Baba alimlilia mwanawe miaka saba. Binti yake, Pughati, akavaa mavazi ya kivita kwa ndani na ya kike kwa juu, akaenda hadi kambini kwa muuaji wa kaka yake, akapokewa kwa divai. Na hapo kibao kimevunjika. Hakuna ajuaye kama alilipa kisasi.

Ugarit haikuwa Kanaani yenyewe hasa. Ilikuwa kaskazini kidogo, na wanaisimu bado wanabishana kama lugha yake iitwe Kikanaani au iitwe binamu wa Kikanaani. Miungu, hadithi na namna ya kuunda majina vilikuwa vya jamii moja. Kuhusu Kiebrania hakuna ubishi: ni tawi la Kikanaani, na Biblia yenyewe haioni haya kusema hivyo, kwani kitabu cha Isaya, sura ya 19, kinaitaja lugha hiyo kuwa ni lugha ya Kanaani. Ndiyo maana majina ya upande mmoja na ya upande mwingine yanafanana mno. Mwandishi wa vibao vikubwa vya Ugarit aliitwa Ilimilku. Fungua kitabu cha Ruthu, mstari wa pili tu, utamkuta mume wa Naomi: Elimeleki. Hata jina la Israeli, ambalo linaonekana kwenye jiwe la Farao Merneptah la mwaka 1208 hivi kabla ya Kristo, limebeba El mwishoni.

Je, Danieli wa Biblia alirithi jina la Dan'el wa kale? Ushahidi wa kuvutia kuliko wote uko kwa nabii Ezekieli, ambaye naye, ukitazama vizuri, ana El kwenye jina lake. Katika sura ya 14 anawataja watu watatu mashuhuri kwa haki: Nuhu, Danieli na Ayubu. Nuhu ni wa zamani sana na si Mwisraeli, Ayubu pia si Mwisraeli. Iweje katikati yao awekwe kijana wa wakati wa Ezekieli mwenyewe, aliyekuwa bado Babeli akihudumu ikulu? Katika sura ya 28 anamkejeli mfalme wa Tiro, mji wa Wakanaani wa pwani, kwamba anajiona ana hekima kuliko Danieli. Na katika Kiebrania, Ezekieli analiandika jina hilo kwa herufi chache kuliko lilivyo katika kitabu cha Danieli, yaani kama lilivyoandikwa Ugarit. Wataalamu wengi wanaona nabii alikuwa akimtaja yule mwamuzi wa langoni. Wapo wanaopinga, wakisema mtu aliyemlisha Baali hawezi kuwekwa safu moja na Nuhu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini mfalme wa Tiro angekejeliwa kwa shujaa gani kama si yule ambaye hadithi zake zilisimuliwa pwani ya kwao?

Waebrania waliyachuja majina ya miungu ya Kanaani. El walimpokea, wakasema huyu ndiye Mungu wetu. Baali walimkataa, ingawa si siku moja. Mfalme Sauli alikuwa na mtoto aliyeitwa Eshbaali, na 1 Nyakati 8 inamtaja hivyo bila woga. Kitabu cha Samweli kinamwita Ishboshethi: Baali ametolewa, na mahali pake pamewekwa neno lenye maana ya aibu. Jina la mtoto wa mfalme lilirekebishwa baada ya yeye kufa.

Turudi milimani sasa, maana El amezagaa Usambara kuliko watu wanavyodhani. Shirika la wamisionari lililofungua kituo cha Mlalo lilikuja kujulikana kama Misheni ya Betheli, kwa sababu makao yake yalihamia Betheli, karibu na mji wa Bielefeld, penye nyumba za wagonjwa wa kifafa zilizoongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Betheli ni mji wa Kanaani wa kitabu cha Mwanzo, ambao zamani uliitwa Luzu. Maana yake ni nyumba ya El. Beti hiyo ni ile ile ya beti za shairi, ambayo kwa Kiarabu pia ni nyumba. Mmisionari mwingine wa huku, Karl Roehl, aliyeandika sarufi ya Kishambaa mwaka 1911, ndiye baadaye aliyetafsiri Biblia nzima kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1937. Roehl alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu, akitaka Kiswahili cha Kibantu zaidi. Kazi hiyo inasifiwa na wengine, na wengine wanaiona ya ukaidi. Lakini majina hakuweza kuyageuza. Ukurasa baada ya ukurasa, Wasemiti wamejaa.

Wala El si wa Wakristo peke yao. Wilaya ya Lushoto ina Waislamu wengi, na kijiji kimoja kinaweza kuwa na msikiti upande huu wa mto na kanisa upande ule. Mtoto wa upande huu anaitwa Ismaili. Jina hilo ni sentensi kama Danieli: "El anasikia". Malaika Jibrili wa msikitini na Gabrieli wa kanisani ni mmoja, na jina lake linamtaja El na nguvu zake. Hata Danieli mwenyewe ana upande wa Kiislamu: Kurani haimtaji, lakini mapokeo yanamjua Nabii Danyali, na kaburi linalohesabiwa kuwa lake huzuriwa hadi leo mjini Shush, Iran. Watoto wa vijiji hivyo wakigombana kuhusu nani ana jina la kigeni, wote wanajibizana kwa jina la mzee yule yule mwenye mvi wa Ugarit.

Waliolichezea jina hili kwa ufundi zaidi ni majirani. Vuka bonde la Mkomazi uingie Upare, endelea hadi Kilimanjaro na Meru, utakuta watu waliolichukua El, wakalitia irabu ya mwisho likawa Eli, kisha wakaunda majina ambayo hakuna Mwebrania aliyewahi kuyasikia. Eliamani. Elifuraha. Elineema. Elirehema. Elibariki. Nusu ya Kanaani, nusu ya Kiswahili. Kanuni ni ile ile ya miaka 3,000 iliyopita: taja Mungu, sema alichofanya, bana pamoja. Pendaeli limepangwa kinyume, kama Danieli. Wachaga walitumia neno lao la shukrani, aika, wakapata Aikaeli, ambalo wasikilizaji wa siasa wanalijua kama jina la kati la Freeman Aikaeli Mbowe. Kwa Kiswahili shukrani hiyo hiyo ni Elisante. Na Profesa Elisante Ole Gabriel, aliyepata kuwa Mtendaji Mkuu wa Mahakama ya Tanzania, amebeba El mara mbili, mwanzoni na mwishoni, akifanya kazi katika nyumba ya waamuzi. Hayo si majina ya kuiga. Watu walishika kanuni ya kuunda jina, wakaiendesha wenyewe.

Pengine kuna msikilizaji anayenung'unika kwamba kubadilishwa jina mbele ya mwalimu wa kigeni ni kudhalilishwa, hata kama jina lenyewe ni zuri. Manung'uniko hayo yana msingi, na wa kwanza kuyaelewa angekuwa Danieli wa Biblia. Sura ya kwanza ya kitabu chake inaeleza jinsi vijana wanne mateka walivyopelekwa shule ya mfalme Babeli, na mkubwa wa matowashi akawapa majina mapya. Danieli akaitwa Belteshaza. Hanania, Mishaeli na Azaria wakawa Shadraka, Meshaki na Abednego. Sasa cheka kidogo: wazazi wa Afrika Mashariki wamewapa watoto wao Shadraka na Meshaki kwa wingi, yaani majina ya kubandikwa na mtekaji, na Mishaeli humsikii sana. Kwa Danieli tu ndipo mambo yalikwenda kinyume. Belteshaza hakupata wafuasi. Toroitich, kijana wa Sacho huko Baringo, alipobatizwa aliitwa Daniel, na kwa jina hilo akawa Rais wa Kenya kuanzia mwaka 1978 hadi 2002, huku la nyumbani likiwa bado linasimama katikati: Daniel Toroitich arap Moi.

Kubeba jina la mungu wa kale si kumwabudu. Jimbo la Bumbuli, kuanzia mwaka 2010, lilichagua mbunge aitwaye January, na mwezi wa Januari ulipewa jina la Janus, mungu wa malango wa Warumi. Hakuna mpiga kura wa Bumbuli aliyelalamika. Baba yake January ni Yusuf Makamba, na Yusuf ni Kiebrania tena: "aongeze".

Na jina la pili je, lile la ukoo? Washambaa wengi wana majina yanayoanza na She-. Zamani She- ilimtambulisha mtu kama baba wa fulani, na katika masimulizi ya milima hii yumo babu wa kale aitwaye Sheuta, baba wa uta, yaani wa upinde. Kuna hatari hapa. Mtu akiona Shemdoe na Shemweta, kisha akasikia kwamba shem kwa Kiebrania ni jina, na kwamba Samweli ni jina la El, anaweza kukimbilia kutangaza kuwa Washambaa ni kabila lililopotea la Israeli. Asikimbilie. Ile m ni ya neno linalofuata, na Sheuta hana m yoyote. Mfanano ni wa bahati tu. Kwamba Akhat aliponzwa na upinde, na Washambaa wana baba wa upinde, nayo ni bahati, kwa sababu wawindaji wapo kila mahali. Mbegha, mwanzilishi wa ufalme wa Wakilindi, naye alikuwa mwindaji wa nguruwe mwitu kabla ya kuketi Vuga na kuamua kesi za watu.

Habari za Mbegha tunazo kwa sababu mtu alikaa akaziandika. Abdallah bin Hemedi aliziweka kwenye Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, na miaka mingi baadaye Steven Feierman akakusanya masimulizi ya wazee na kuyachapisha mwaka 1974. Habari za Dan'el tunazo kwa sababu karani wa Ugarit alikanda udongo akachora herufi. Lakini majina ya koo za Lushoto, mamia kwa mamia, maana zake nyingi ziko vichwani mwa mabibi na mababu tu.

Basi, msikilizaji unayeitwa Danieli na ambaye jina lako la pili linaanza na She-, la kwanza limeshaelezwa katika kamusi za Biblia za lugha nyingi, huna haja ya kuhangaika nalo. La pili, wiki hii, muulize bibi. Muulize She huyo alikuwa baba wa nani, au wa kitu gani, na alikaa kijiji kipi. Liandike kwenye daftari, pamoja na jina la aliyekusimulia na tarehe.